Ed Wood: jamaa wa visahani vya kamba aliyeitwa mwongozaji mbovu kuliko wote

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka niwasimulie habari za marehemu mmoja wa Marekani ambaye kila nikimkumbuka nacheka, halafu baada ya muda sicheki tena.

Kwanza nianze na ya kwetu, ndiyo mtaelewa kwa nini huyu mzee ananigusa.

Mwaka 2006, pale Tanga, tulikuwa washkaji sita tumemaliza shule, kazi hatuna, pesa hatuna. Tukaamua kutengeneza filamu. Siyo ya mapenzi wala ya uchawi, maana hizo zilikuwa zimejaa kila kibanda cha video. Sisi tulitaka ya viumbe kutoka anga za juu! Chombo chao kilikuwa masinia mawili ya mama yangu yaliyofunikwa mdomo kwa mdomo, tumeyaning'iniza kwa mshipi wa kuvulia samaki kwenye mwembe. Kamera tuliazima kwa jamaa aliyekuwa anapiga picha za harusi. Mwenzetu mmoja aliigiza mzee anayefiwa na mke, na kwa kweli alikuwa anajua, mpaka majirani wawili walisimama wakamwangalia wakidhani kweli kapata msiba.

Tulirekodi siku tatu. Wiki iliyofuata mwenye kamera akarekodia harusi juu ya mkanda wetu. Hakuna kilichobaki, hata dakika moja. Tulinuna, tukatukana, yakaisha. Miaka mitatu baadaye yule mwenzetu aliyeigiza mzee akafariki kwa ajali ya barabarani. Hapo ndipo ule mkanda ulipoanza kuniuma kwelikweli.

Sasa tuje kwa Ed Wood.

Jina lake kamili Edward Davis Wood Jr. Kazaliwa tarehe 10 Oktoba 1924 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York. Familia ya kawaida tu, baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Bado mtoto akapewa zawadi ya kamera ndogo ya filamu, na kuanzia hapo akawa kama karogwa. Akapata na kazi kwenye jumba la sinema la mjini kwao, la kuwaonyesha watu viti. Yaani analipwa ili aingie sinema. Nani asingependa kazi hiyo?

Mwaka 1942 akajiunga na kikosi cha Marine kwenda Vita Kuu ya Pili, akatoka 1946. Mambo ya vita nayapitia haraka, maana mwenyewe alikuwa mtu wa kuongeza chumvi na kuna hadithi zake nyingi ambazo waandishi waliokuja kuzichunguza hawakuzikuta kwenye kumbukumbu za jeshi. Mwaka 1947 huyo, Hollywood. Mwaka uliofuata akaanza filamu fupi ya farasi na bastola. Ilirekodiwa bila sauti na haikumalizika. Tayari mnaanza kuona jinsi maisha yake yatakavyokwenda.

Kuna jambo moja lazima nilitaje, maana ukiingia kwenye intaneti utalikuta tu. Ed Wood alipenda kuvaa nguo za kike, hasa masweta ya manyoya laini ya angora. Hakuwa anaficha sana kwa rafiki zake. Mwaka 1953 mtayarishaji mmoja, George Weiss, alitaka filamu ya harakaharaka kuhusu mtu aliyebadili jinsia, kwa sababu magazeti ya Marekani yalikuwa yamejaa habari ya Christine Jorgensen. Ed akampelekea Glen or Glenda, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa habari yake mwenyewe, ya mwanamume anayeogopa kumwambia mchumba wake kuhusu nguo. Yeye ndiye aliyeigiza, na mchumba akaigizwa na mpenzi wake wa kweli, Dolores Fuller. Cheka utakavyo, lakini fikiria mtu kufanya hivyo Marekani ya mwaka 1953.

Humo ndimo anapoingia Bela Lugosi, na hapa ndipo hadithi inapokolea.

Kwa wale msiomjua, Lugosi ndiye Dracula. Mzaliwa wa Hungaria mwaka 1882. Aliigiza Dracula kwenye sinema mwaka 1931, na mpaka leo mtoto yeyote akivaa joho jeusi na kusema kwa lafudhi nzito anamwigiza yeye, hata kama hajui. Lakini miaka ya 1950 mzee alikuwa kaisha. Studio kubwa zilikuwa hazimpigii simu. Maumivu ya mguu yalimfanya azoee dawa, dawa zikawa mofini, akawa mtumwa wake. Jina kubwa, mfukoni hamna kitu. Hata huku kwetu tunawajua wasanii wa namna hiyo, sitaki kutaja majina.

Ed alikuwa amemwangalia Lugosi kwenye kiti cha sinema tangu utotoni. Sasa anakutana naye uso kwa uso, mzee, mgonjwa, mpweke. Akampa kazi. Wapo wanaosema alimtumia mzee ili apate jina la kuuzia filamu zake. Mimi nasema yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Alihitaji jina, na mzee alihitaji mtu wa kumwambia njoo tukafanye kazi. Hakuna mwingine aliyekuwa anamwita.

Mwaka 1955 wakatoa Bride of the Monster. Lugosi ni mwanasayansi kichaa anayetaka kuumba watu wenye nguvu za atomu. Pesa zilikatika katikati, ikabidi Ed atafute mfadhili, na mfadhili aliyepatikana alikuwa tajiri wa nyama, Donald McCoy. Masharti yake inasemekana yalikuwa mawili: mwanangu awe mhusika mkuu, na filamu iishie kwa mlipuko mkubwa. Ed akakubali yote. Ndiyo maana ile filamu inaisha na wingu la bomu limetokea hata hujui limetokea wapi.

Halafu kuna pweza. Jamani yule pweza! Ni wa mpira, mkubwa, na alitakiwa kuendeshwa kwa mota. Mota haikuwepo. Kwa hiyo mwigizaji analala majini na kujizungushia mikono ya pweza mwenyewe huku anapiga kelele kama anauawa. Nilipoiona mara ya kwanza nilianguka kwenye kiti. Halafu nikakumbuka masinia ya mama, nikanyamaza.

Mwaka huohuo wa 1955 Lugosi alijipeleka mwenyewe hospitali ya serikali kuomba atibiwe ule ulevi wa dawa. Mtu maarufu, umri zaidi ya miaka sabini, anasema hadharani kwamba ameshindwa, naomba msaada. Siku zile haikuwa kawaida kabisa. Alitoka baada ya miezi kadhaa, na Ed akaendelea kuwa naye karibu.

Mwaka 1956 Ed akarekodi vipande vichache vya Lugosi, bila sauti, kwa ajili ya filamu ambayo hata haikuwa imekaa sawa kichwani mwake. Kipande kimoja mzee yuko makaburini kavaa joho la Dracula. Kingine anatoka mlangoni mwa nyumba ya kawaida tu, kavaa koti na kofia, anasimama, ananusa ua, anaondoka polepole mpaka anatoka kwenye picha. Ni dakika chache tu jumla. Tarehe 16 Agosti 1956 Lugosi akafariki, ana miaka 73. Alizikwa na joho la Dracula.

Mwongozaji mwingine angeviweka vile vipande kabatini. Ed Wood akasema (naelezea kwa maneno yangu) kwamba filamu itajengwa kuzunguka zile dakika. Yaani alianza na mabaki ya rafiki yake, ndiyo akaandika skripti ya kuyabeba.

Ndiyo ikapatikana Plan 9 from Outer Space. Hadithi iko hivi: viumbe wa anga za juu wamechoka na binadamu wanaotengeneza mabomu. Wanaogopa kwamba siku moja tutagundua bomu la kulipua mwanga wa jua, na ulimwengu wote utakwenda nalo. Wanajaribu kuongea na serikali za dunia, hazisikii. Basi wanaleta mpango namba tisa, kufufua maiti wa makaburini ili watembee na kuwatia watu adabu. Ukiliangalia wazo lenyewe siyo la kijinga hivyo, hasa kwa watu waliokuwa wametoka kuona Hiroshima miaka kumi na moja tu nyuma. Tatizo lilikuwa pesa. Na haraka. Na labda kipaji kidogo, tusidanganyane.

Pesa zilitoka wapi? Kwa mwenye nyumba wake! J. Edward Reynolds alikuwa Mbaptisti na ndoto yake ilikuwa kutengeneza filamu za dini. Ed akamshawishi kwamba tuanze na hii ya maiti na visahani, ikitupa faida tunatengeneza za dini. Wale wacha Mungu wakaleta fedha, na wao wakaleta masharti. Jina la kwanza lilitaja wezi wa makaburi, wakasema hapana, ni kukosea heshima, likabadilishwa. Wakataka pia baadhi ya waigizaji wabatizwe. Wakabatizwa kweli, kwenye bwawa la kuogelea! Hebu mfikirie Tor Johnson, mwana mieleka wa Kiswidi mwenye kilo karibu 180, anazamishwa na kuinuliwa. Waliomwinua nawapa pole.

Gharama yote ilikuwa kama dola 60,000, ambazo kwa Hollywood ya wakati ule zilikuwa kidogo sana.

Na timu yenyewe sasa. Tor Johnson ni mkuu wa polisi anayeuawa halafu anafufuka, na pale anapotakiwa kuinuka kaburini unaona wazi kabisa mwili unamshinda. Vampira, jina lake la kweli Maila Nurmi, alikuwa amevuma kwenye televisheni ya Los Angeles mwaka 1954 kisha kipindi chake kikafutwa. Alihitaji hela, akakubali, ila aliposoma maneno aliyoandikiwa akaomba acheze bila kusema chochote. Akili hiyo! Matokeo yake ndiye anayekumbukwa kuliko wote. Criswell, mtabiri wa televisheni ambaye utabiri wake ulikuwa unakosea mfululizo, ndiye msimuliaji. Wote hao walikuwa marafiki wa Ed. Watu wa pembeni, ambao Hollywood ilikuwa imewatema au haijawahi kuwaonja, na yeye aliwakusanya kila mara akipata senti.

Nani akaigiza badala ya Lugosi kwenye sehemu zilizobaki? Tabibu wa kunyoosha mgongo aliyekuwa akimtibu Kathy, mke wa Ed! Jina lake Tom Mason. Hakufanana na Lugosi hata kidogo, alikuwa mrefu kuliko yeye na nywele zake ni nyingine kabisa. Dawa ikawa kumwambia ajifunike uso kwa joho muda wote. Kwa hiyo nusu ya filamu unamwona jamaa anatembea makaburini kaziba uso na mkono kama anakimbia wadeni.

Makaburi ni ya kutengeneza, na mtu akipita karibu yanatikisika. Chumba cha rubani wa ndege kina pazia kama la bafuni. Gari la polisi linaondoka mchana, linafika usiku. Na vile visahani vya angani ni vidude vya plastiki vya kuchezea vilivyofungwa kwenye uzi, na uzi unaonekana! Vinayumba juu ya Hollywood kama nguo kwenye kamba siku ya upepo.

Hapa niseme jambo. Sisi Tanga, mshipi wetu pia ulionekana. Tuliupaka masizi ya sufuria ili usionekane, ukaonekana zaidi. Tulibishana nusu siku kuhusu mshipi ule. Kwa hiyo watu wanaposema Ed Wood hakujali, mimi siamini. Huwezi kukaa na kisahani kwenye uzi bila kuuona uzi. Aliuona, akahesabu siku zilizobaki na pesa iliyobaki, akasema piga picha tuendelee.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Machi 1957 katika jumba la Carlton mjini Los Angeles. Kusambazwa kukachukua muda, na Ed hakutajirika. Filamu za dini hazikuonekana. Filamu nyingine aliyoitengeneza kipindi hicho, Night of the Ghouls, ilikwama kwenye maabara ya kusafishia filamu kwa sababu hakuweza kulipa deni. Ikakaa huko zaidi ya miaka ishirini, mpaka miaka ya 1980 mtu mwingine alipolipa deni ikatoka kwa watu. Wakati huo mwenyewe keshakufa. Niliposoma hilo nilimkumbuka yule jamaa wa harusi. Angalau maabara ile haikurekodia harusi juu yake.

Baada ya hapo ni mteremko, nitaupita haraka maana haufurahishi. Miaka ya 1960 na 1970 Ed aliishi kwa kuandika. Riwaya za bei rahisi, makumi kwa makumi, nyingi za ngono, kwa malipo ya kuendea dukani. Aliandika haraka mno, na pesa iliishia kwenye chupa. Pombe ilimla. Kathy alibaki naye, na yeye mwenyewe alikuwa mnywaji, kwa hiyo nyumba ile haikuwa na wa kumshika mwenzake. Desemba 1978 wakatolewa kwenye nyumba ya kupanga huko Hollywood kwa kushindwa kodi, na vitu vyao vingi vikapotea hapo. Rafiki yao mwigizaji, Peter Coe, akawapokea kwake. Siku chache baadaye, tarehe 10 Desemba 1978, Ed Wood akafa kwa moyo, ana miaka 54. Majivu yake yalimwagwa baharini.

Hakuna aliyeshtuka. Hollywood haikumlilia.

Halafu mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, wakatoa kitabu cha kuzawadia filamu mbovu, kinaitwa The Golden Turkey Awards. Wasomaji walikuwa wamepiga kura, na Plan 9 ikashinda kuwa filamu mbovu kuliko zote. Ed naye akapewa cheo cha mwongozaji mbovu kuliko wote. Ajabu ya dunia, cheo hicho ndicho kilichomfufua. Watu wakaanza kuitafuta filamu ili wacheke, wakajaza kumbi usiku wa manane, kanda za VHS zikatoka. Mwaka 1992 Rudolph Grey akatoa kitabu cha kumbukumbu za watu waliomjua, na mwaka 1994 Tim Burton akatengeneza filamu ya maisha yake, Johnny Depp akiwa Ed. Martin Landau aliyeigiza Lugosi akachukua tuzo ya Oscar, na waliofanya vipodozi vya filamu hiyo wakachukua nyingine. Oscar mbili, kwa habari za mtu aliyefukuzwa nyumba kwa kodi! Na filamu hiyo nayo, pamoja na sifa zote, haikurudisha gharama kwenye kumbi za sinema. Mkosi wa Ed ulikuwa na nguvu bado.

Kathy aliyaona yote hayo. Alifariki mwaka 2006.

Najua wapo mtakaosema kwamba mbovu ni mbovu tu, na kwamba kumsifu Ed Wood ni kuwapa moyo wanaotuletea filamu zenye sauti isiyosikika na mwisho usioeleweka. Ni hoja, siikatai. Mimi mwenyewe Plan 9 sijaimaliza kwa mkupuo mmoja, usingizi unanipitia pale viumbe wanapoanza kuhutubia. Lakini kile kipande cha Lugosi anatoka nyumbani, ananusa ua, naweza kukirudia mara kumi. Kwenye filamu Ed amekifanya kuwa mzee aliyefiwa na mkewe. Anatoka kwenye picha, halafu unasikia breki na ukelele wa mtu. Gari limemgonga. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa kafe, ni miaka michache tu baada ya msiba wetu. Nilivua vifaa vya masikioni nikatoka nje, na dakika zangu zikaishia pale.

Wale watano tuliobaki bado tunatafutana kwa simu. Mmoja ana kamera nzuri sasa, ya kwake mwenyewe. Masinia yapo kwa mama, moja lina tundu la mshipi katikati kwa hiyo halifai tena kwa wali.

Atakayetaka kuiona Plan 9, ina dakika 79. Msilipie nusu saa.